Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

3 Februari

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia baada ya wiki tatu, lakini shikamoo haiozi.

Sisi huku wazima. Bibi anakusalimu. Miguu inamsumbua asubuhi, ulimi haumsumbui saa yoyote. Juzi alimfukuza mteja wangu karakanani kwa kosa la kukalia kiti ambacho sijakimaliza. Nikamwambia, Bibi, yule ndiye mwenye kiti. Akajibu, basi angengoja kiwe kiti. Mimi nipo na cherehani yangu, mwezi huu nina viti vya basi zima, vidole vimeota sugu.

Sasa nije kwenye shida yangu. Shida yangu ni Kobe, lile gari la Mama. Tangu Mama atuache, mwaka na nusu sasa, namwendesha mimi kila siku kwenda kazini. Barabara ya mbele ya karakana wameichimba, wakamwaga kokoto, wakaondoka. Basi mawe yanarushwa na matairi, yanapiga chini ya fenda pa! pa! pa! mpaka watu wanageuka. Jumamosi nikapiga magoti nikachungulia. Mjomba, tope limejaa juu ya matairi, limeganda. Nikachokoa kwa bisibisi, kutu ikadondoka kama makombo ya biskuti.

Magari ya siku hizi yana kava za plastiki mle ndani ya fenda, juu ya tairi, zinazuia mawe na tope visifike kwenye bati. Kobe alizaliwa kabla watu hawajapata akili hiyo. Niliagiza seti nzima, sanduku likaja, haikuingia hata moja. Zimetengenezwa kwa wajukuu zake. Kwa hiyo nataka kuzikata mwenyewe, kutoka kwenye pipa la plastiki, lile la bluu la kuwekea maji. Mafundi wa hapa wananicheka. Wewe umekaa na bati miaka yote hiyo, niambie nianzie wapi. Ningekupigia simu, lakini tangu nyundo ikule masikio yako, kila ninachosema unajibu "ndiyo, ndiyo." Mara ya mwisho nilikuuliza kama unaumwa, ukasema ndiyo, tukakaa na wasiwasi siku mbili.

Na jambo la pili, Mjomba. Njoo nyumbani. Miaka ishirini na miwili hujakanyaga hapa. Hata kumzika Mama hukuja, na sikulaumu. Naongopa, nakulaumu kidogo. Bibi ana miaka themanini na mitatu na kila Jumapili ananiuliza, "Kitindamimba wangu anakuja lini?" Nimjibu nini?

Mpwa wako,
Sindano

*

21 Februari

Sindano mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mwambie Mama, huyo bibi yako, namshika miguu yote miwili, hasa huo unaouma. Mimi nipo. Magoti yanalia kidogo na masikio hayalii kabisa. Jirani yangu amenunua jogoo na watu wote wa kibaraza wanalalamika isipokuwa mimi.

Pipa la bluu! Nimecheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama. Halafu nikaacha kucheka, maana ni wazo zuri. Pipa tayari lina mviringo, na mviringo ndio kazi yenyewe. Sikiliza sasa, na usijifanye mjuaji.

Piga jeki, weka gogo chini ya gari, usiiamini jeki hata kama umezaliwa nayo. Toa tairi. Kwangua tope lote, sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati likuoneshe uso wake, osha, acha likauke siku mbili. Siku mbili, si mpaka chakula cha mchana. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Kisha kata kielelezo kwa karatasi ngumu kwanza. Hapo wewe ni fundi kuliko mimi. Plastiki ikikataa kupinda, imwagie maji ya moto, itakuwa mpole.

Mambo matatu usisahau. Usitoboe bodi, kila tundu jipya ni mlango wa kutu, tumia bolti zilezile za fenda. Chini acha nafasi ya kidole maji yatoke, ukiziba kote umetengeneza sufuria. Na kabla hujakaza, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone tairi haligusi. Kwa nyuma mkalishe mtu mzito, ili springi zishuke.

Anza na mbele, mbili zote. Kisha nyuma kulia. Nyuma kushoto usihangaike, upande ule ni mkavu, haupati tope.

Kuhusu kuja, kazi zimenibana kwa sasa. Mvua zikiisha tutaona.

Mjomba wako

*

16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bibi amesikia habari za jogoo akasema afadhali jogoo ana mtu wa kumpuuza. Yeye hajambo, ana kikohozi kidogo cha vumbi la barabarani. Mimi nimemaliza viti vya basi na mgongo wangu umemalizana na mimi.

Mbele kushoto nilivurunda. Nimeshona miaka tisa, mkono umezoea, nilipokata kielelezo nikaacha nafasi ya mshono. Vidole viwili pande zote! Nikafunga, nikajipongeza, nikasahau kukata usukani kama ulivyosema. Kona ya kwanza tu, tairi likaidaka kava, likaitafuna, moshi ukatoka, mimi nikatoka. Mafundi wa jirani walifurahi kuliko siku ya mshahara. Nikakata nyingine bila mshono. Imekaa vizuri ajabu. Mbele kulia nikageuza kielelezo tu, kama mikono ya shati. Mawe sasa yakipiga yanasema du, du, kwa adabu.

Nyuma kulia nilihitaji mtu mzito. Bibi akajitolea. Nikamwambia wewe si mzito, akasema ana miaka themanini na mitatu na yote ameibeba mwenyewe. Akapanda, akakaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, na kazi ilipokwisha akakataa kushuka. Nikamuuliza, Bibi, unangoja nini? Akasema, "Si tunakwenda kumchukua mwanangu?" Alikaa saa nzima, Mjomba. Nikamletea chai humohumo.

Sasa nakuja kwa nyuma kushoto. Ulisema nisihangaike, lakini mimi siachi upande mmoja bila kushona. Nikatoa tairi. Kweli pakavu. Hapana tope, hapana kutu, pana oili, nyeusi, nene, tabaka juu ya tabaka. Nikafuta sehemu ya kiganja tu kuona bati. Chini yake kuna kiraka ukubwa wa sahani, kimechomelewa vizuri hivi kwamba nilikipata kwa kidole, si kwa jicho. Na pembeni kuna vitone vitatu vya ponchi, kile chuma cha kugongea alama, mstari mmoja.

Wewe mwenyewe uliniandikia zamani kwamba kila kazi yako unaigonga ponchi tatu mahali ambapo mteja haoni. Kobe aligongwa lini? Mbona sijawahi kusikia? Nilipomuuliza Bibi alisema, "Muulize mwenye ponchi."

Haya, nakuuliza.

Sindano

*

4 Aprili

Sindano,

Marahaba. Mvua huku zimeanza, paa la karakana linavuja mahali palepale pa mwaka jana. Jogoo wa jirani kaibiwa. Mwenye duka anasema si yeye, na hakuna aliyemuuliza.

Habari ya nafasi ya mshono imenifurahisha. Ndivyo mtu anavyojifunza.

Kuhusu kile kiraka, mafundi wengi wana ponchi. Gari ni la zamani, limepita mikono mingi. Wewe funga kava, kaza bolti, endelea na maisha. Kikohozi cha Mama kitazame, mpe maji ya moto na asali.

Magoti yananisumbua sana, sidhani kama yataweza safari ya siku mbili.

Mjomba

*

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa magoti, ingawa mwezi wa pili yalikuwa yanalia kidogo tu na kilichokuzuia ni kazi.

Tusidanganyane mchana kweupe. Kobe alinunuliwa na Mama akiwa mpya kabisa, na kabla yangu hakuendeshwa na mwingine ila yeye. Hiyo mikono mingi ni ipi? Sikuulizi kwa ugomvi. Mimi ni mtu wa kushona, nikiona kiraka kizuri nataka kujua nguo ilichanika wapi.

Kava ya nne nimeshaikata. Ipo ukutani, inaning'inia kama mkono wa koti. Sitaifunga mpaka uniambie, au uje uifunge kwa mikono yako. Kobe anatembea na kava tatu na mimi nasubiri.

Nakupenda hata ukinyamaza. Ila usinyamaze.

Sindano

*

29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Nimekwenda posta mara nyingi mpaka yule mama wa dirishani ananitikisia kichwa nikiwa bado barabarani.

Kuna jambo sikukuandikia. Kile kikohozi hakikuwa cha vumbi. Bibi alilazwa siku nne. Sasa yuko nyumbani, anakula, anagombana na watu, amepona. Alinikataza kukwambia. Alisema, "Sitaki aje kwa sababu ninakufa. Nataka aje kwa sababu amenikumbuka." Mimi nimeona bora nivunje amri yake.

Sikuulizi tena kuhusu kiraka. Andika tu kwamba uko hai.

Mpwa wako

*

10 Juni

Mwanangu,

Niko hai. Nisamehe. Barua yako ya Aprili niliisoma siku ileile ilipofika, nikaiweka chini ya sanduku la spana, na kila siku nikichukua spana naiona. Hii ya Mei imenitoa machozi karakanani, mbele ya watu. Wamedhani ni macheche.

Haya. Nakwambia.

Ulikuwa na miaka minne. Dada, mama yako, alisafiri wiki moja kikazi, akakuacha kwa Mama, na Kobe akamwacha uani. Aliniambia neno moja tu: usiliguse gari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimejifunza ufundi mwaka mmoja, najiona mfalme. Siku ya pili Mama alipokuwa kanisani nikachukua ufunguo. Nikakupakia nyuma, nikakwambia tunakwenda kununua viatu. Ulisimama kati ya viti, unaimba. Pale dukani nikarudi nyuma bila kutazama nyuma. Kulikuwa na kioo na ndani ya kioo nilikuwepo mimi, nimevaa miwani ya jua, ndiye niliyekuwa namtazama. Nikagonga nguzo ya tangi la maji. Upande wa kushoto wote wa juu ya tairi ukaingia ndani. Na wewe kidevu chako kikapiga chuma cha kiti.

Lile kovu lako la kidevuni halikutokana na ngazi za duka. Ngazi nilizitunga mimi. Nilimdanganya Mama, na dada aliporudi nikamdanganya na yeye. Ulishonwa nyuzi tatu, mwanangu. Ulilia ukaniita mimi, mimi niliyekuumiza, nikushike mkono.

Siku tano zilizobaki nilinyoosha kwenye karakana ya mwalimu wangu, nikachomelea, nikapaka rangi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na niliichukia. Nikagonga ponchi tatu mle ndani, moja kwa kila uzi. Hapo ndipo alama ilipoanzia. Kila gari nililonyoosha tangu siku ile lina kidevu chako.

Dada alirudi, akalizunguka gari, akaniambia, "Kobe anang'aa. Ahsante kwa kumwosha." Angenipiga kibao ningepona. Ile ahsante ilinishinda. Baada ya wiki mbili nikapata kazi huku, nikasema nitamwandikia niseme. Kila mwaka nikasema mwakani. Alipofariki nilikata tiketi, nikafika mpaka kituoni na begi, basi likaondoka mimi nimesimama. Nilizika uso wangu nikashindwa kumzika dada yangu. Ningesimama vipi mbele ya kaburi la mtu niliyemdanganya mpaka mwisho?

Sasa umejua. Ukitaka usiniandikie tena, nitakuelewa. Lakini mwangalie Mama.

Mjomba wako, kama bado

*

25 Juni

Mjomba wangu, na bado,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hizo ni tatu, moja kwa kila uzi, na yaishe.

Nililia kwanza. Nilikwenda kwenye kioo nikakitazama kidevu changu kama kidevu cha mtu mwingine. Halafu nikakasirika, nikashona mto mzima kwa hasira, ukatoka mzuri. Si kwa sababu ya nguzo. Ni kwa sababu ya miaka. Ulininyima mjomba miaka ishirini na miwili kwa ajili ya kovu ambalo wateja wangu wanasema linanipendeza.

Halafu nikamsomea Bibi barua yako. Alitaka tukae ndani ya Kobe, siku hizi ndiyo sebule yake. Nilisoma yote, hata ya miwani ya jua. Aliinamia mkoba wake, mabega yakatikisika. Nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanashuka, anapiga kiti changu kipya kwa kiganja. Akasema, "Siri! Mwanangu kaenda mwisho wa dunia na siri! Wewe ndiye uliyesema!"

Mimi, Mjomba. Mimi ndiye niliyesema. Mama hajaweka hata begi chini, nikamkimbilia mlangoni nikamwambia, "Mjomba amegonga puu! Na mimi nimeshonwa kama nguo!" Siri yako haikumaliza saa moja. Bibi alikuwepo. Mama alitaka kukufuata pale uani akuchane, kisha akasema, "Hapana. Ni mtu mzima, ngoja aseme mwenyewe." Ndiyo maana mimi nikakua na hadithi yako ya ngazi. Akatoka, akalizunguka gari lile akikupa nafasi. Ukakaa kimya. Akakwambia ahsante kwa kumwosha, akazunguka mara ya pili. Ukakaa kimya tena. Bibi anasema usiku ule Mama alikasirika, ila asubuhi alikwenda kutazama kazi yako akarudi akasema, "Yule mjinga ana mikono ya dhahabu."

Na yeye akakungoja. Wewe unangoja kusema, yeye anangoja kusikia, miaka yote hiyo. Bibi anasema amezaa vichwa viwili vya mawe, na kosa lake ni kwamba aliwaachia. Anasema alidhani mambo ya ndugu wawili mama hayaingilii. Anasema akiipata nafasi tena, ataingilia kwa mwiko.

Sasa sikiliza hili la mwisho. Kila mwaka kabla ya mvua, Mama alitandika gunia uani, akalala chini ya Kobe na brashi. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nashika kopo la oili, nimekumbuka sasa tu. Alipaka bati la juu ya tairi moja tu, la nyuma kushoto. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hapa kuna kazi ya mtu, isije ikaharibika." Nilikua nikidhani magari yote hupakwa tairi moja. Ile oili niliyoikuta, tabaka juu ya tabaka, ni yake. Fenda tatu zimeliwa na kutu, Mjomba. Hiyo yako ni nzima. Ulipoandika pakavu ulikuwa unanikimbiza, na kumbe ulisema kweli.

Kava ya nne bado ipo ukutani.

Sindano wako

*

13 Julai

Sindano,

Marahaba, mama yangu.

Nimeisoma mara ngapi sijui. Nimemsomea hata mwenye duka, na yeye amekiri habari za jogoo.

Kila mvua nilipokuwa huku nikijiona sina mtu, kumbe dada yangu yuko chini ya gari, amelala kwenye gunia, anapaka oili kiraka changu. Sijui niiweke wapi habari hii. Inanifurahisha na inaniua. Laiti ningesema neno moja. Moja tu, pale uani.

Nimekata tiketi ya tarehe mbili mwezi ujao, nitafika tarehe nne mchana. Safari hii nimemwambia jirani anisindikize mpaka nikae kitini, na asiondoke mpaka basi liondoke. Magoti hayana shida yoyote. Hayajawahi kuwa nayo.

Mwambie Mama asipike, asisimame, asijipambe. Akae humohumo ndani ya Kobe, kiti cha nyuma, na mkoba wake. Nahitaji mtu mzito. Wewe niandalie jeki, gogo, na spana namba kumi na tatu. Ponchi nakuja nayo. Kwanza utanipeleka kwa dada, nimwambie mwenyewe, hata kama alishajua. Halafu utakaa mahali penye mwanga, nikitazame hicho kidevu, nikuombe radhi kwa mdomo, si kwa kalamu. Kisha tutafunga kava ya nne, mimi na wewe.

Na ile oili iliyobaki pale, usiifute mpaka nifike. Nataka kuiona.

Mjomba wako